Mombasa hadi Jeddah: Umbali Mmoja, Safari Nyingi

Chukua ramani ya dunia, uweke rula juu ya Mombasa na uvute mstari ulionyooka kwenda kaskazini. Mstari huo utapita karibu na Garissa, utaikata Ethiopia, utaigusa Eritrea, utavuka Bahari ya Shamu, na mwisho wake utakuwa Makka. Mombasa iko kwenye longitudo ya nyuzi 39.7 Mashariki, na Makka iko kwenye nyuzi 39.8. Ndiyo sababu sisi wa Pwani tunaposimama kusali hatuelekei mashariki wala magharibi. Kibla chetu ni kaskazini, karibu sawasawa. Wazee wetu hata neno lenyewe, kibla, walilitumia kwa maana ya upande wa kaskazini.

Kwa hivyo safari ya umra au ya hija, kwa mtu wa Mombasa, ni safari ya kwenda moja kwa moja kule anakouelekeza uso wake mara tano kwa siku. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Moi hadi Uwanja wa Mfalme Abdulaziz, Jeddah, kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilomita 2,850. Hilo halina mjadala. Mjadala huja familia inapouliza, "Mama atafika kwa saa ngapi?" na jibu linalotolewa haraka likawa, "Saa nne tu." Jibu hilo ni kweli kwa ndege. Kwa mama si kweli, na tofauti baina ya kweli hizo mbili ndiyo tunayotaka kuieleza leo, kwa kuwa wanaoilipia tofauti hiyo mara nyingi ni wazee wetu.

Kilomita na saa

Ndege kubwa ya abiria ikishatulia angani huenda kwa kasi ya takriban kilomita 850 kwa saa, yaani kilomita 14 kwa kila dakika. Ukigawanya kilomita 2,850 kwa kasi hiyo utapata saa 3 na dakika 20 hivi. Lakini ndege haianzi safari kwa kasi hiyo wala haiimalizi nayo. Hutambaa kwenye njia za uwanjani, hupanda kwa nusu saa au karibu yake, na kabla ya kutua hupunguza mwendo na kushuka kwa muda kama huo. Tena haifuati rula. Hufuata njia za angani zilizopangwa, na mara nyingine huzunguka ili kuepuka mvua kubwa au anga lisilo salama. Ndipo saa 3 na dakika 20 zinapokaribia saa 4.

Upepo nao una neno lake. Safari za mashariki na magharibi ndizo huathirika zaidi. Shirika letu la Kenya Airways lilipoanzisha safari ya moja kwa moja baina ya Nairobi na New York tarehe 28 Oktoba 2018, njia ya takriban kilomita 11,800, kwenda ilihesabiwa saa 15 na kurudi saa 14. Umbali ni ule ule, lakini pepo kali za juu zinazovuma kutoka magharibi huizuia ndege ikienda na kuisukuma ikirudi. Njia yetu ya kaskazini hukingwa na upepo kwa ubavu zaidi kuliko kwa uso, kwa hivyo kwenda na kurudi havitofautiani sana.

Njia yetu ina wepesi mwingine: Kenya na Saudi Arabia zina saa moja. Msafiri habadilishi saa ya mkononi, wala usingizi wake hauvurugiki kama wa anayekwenda Marekani. Ethiopia na Qatar nazo ziko kwenye saa hiyo hiyo. Imarati iko mbele kwa saa moja. Kwa hivyo anayepitia Dubai na kusoma tikiti yake bila kulijua hilo huona ndege ya kwenda Dubai imerefuka kwa saa moja na ya kutoka Dubai imefupika.

Wahenga wetu waliujua umbali huu kwa kipimo kingine. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa katika karne ya 14, alieleza kuwa kutoka Zeila hadi Mogadishu pekee alisafiri baharini kwa siku 15. Jahazi la kwenda Arabuni lilingoja kusi, na la kurudi lilingoja kaskazi. Mtu aliyekwenda hija aliaga kama asiyejua kurudi. Leo hatungoji msimu. Lakini wepesi huo umetusahaulisha kuwa safari bado ni safari.

Njia nne za kufika pale pale

Ndege ya moja kwa moja kutoka Mombasa hadi Jeddah si kitu cha kutegemea kila wiki. Abiria wengi wa Pwani hupitia kwingine, na hapo ndipo umbali mmoja unapozaa safari nyingi.

Anayepitia Nairobi huruka kilomita 420 hivi kwenda Jomo Kenyatta, kisha takriban kilomita 2,550 hadi Jeddah. Jumla ni karibu kilomita 2,970, nyongeza ndogo tu juu ya mstari ulionyooka. Anayepitia Addis Ababa huruka kilomita 1,440 hivi, kisha kilomita 1,400 na kidogo. Jumla yake ni kama kilomita 2,850, kwa sababu Addis Ababa iko karibu kabisa na mstari wetu wa kibla, nusu ya njia. Anayepitia Doha huruka kama kilomita 3,500 kuelekea kaskazini-mashariki, kisha hurudi magharibi kilomita 1,330. Jumla ni zaidi ya kilomita 4,800. Na anayepitia Dubai hukaribia kilomita 5,400, karibu mara mbili ya umbali wa asili.

Hatusemi kuwa njia ndefu ni mbaya. Huenda ikawa na nauli nafuu, au ndege zake zinaungana kwa muda mfupi, au mtoto aliyeko Ghuba anataka kumpokea mama yake njiani. Tunasema tu kwamba tofauti hii ijulikane kabla ya fedha kutoka mfukoni, na aliyeketi kwenye kiti awe miongoni mwa walioulizwa.

Kutoka mlango hadi mlango

Tumchukue kwa mfano bibi anayeishi Malindi, anayekwenda umra kwa njia ya Addis Ababa, ambayo kwa kilomita ndiyo fupi kuliko zote. Kutoka Malindi hadi Uwanja wa Moi ni kama kilomita 120, na ukihesabu msongamano wa Mtwapa na Nyali, zitengwe saa 3. Uwanjani afike saa 3 kabla ya ndege. Kuruka hadi Addis Ababa ni saa 2 na dakika 20. Kungoja ndege ya pili, tuseme saa 4. Kuruka hadi Jeddah ni saa 2 na dakika 10. Uhamiaji, alama za vidole na mizigo, saa 2. Kutoka uwanjani hadi Makka ni takriban kilomita 100. Kwa basi la kundi, saa 1 na nusu.

Jumla ni saa 18. Katika hizo, saa alizokuwa angani ni 4 na nusu tu. Robo tatu ya safari yake imepita katika gari, katika foleni na katika viti vya kungojea, na hakuna hata moja ya sehemu hizo iliyomo katika lile jibu la "saa nne tu".

Kisha akifika Makka kazi haijaisha, bali ndiyo kwanza inaanza. Baina ya Safa na Marwa ni mita 450 hivi, na saa'i ni mara saba: zaidi ya kilomita 3, baada ya tawafu ya mizunguko saba. Bibi wa miaka 70 aliyetoka Malindi kabla ya alfajiri hapaswi kuingizwa katika tawafu usiku ule ule kwa kuwa kundi lina haraka. Sheria haimlazimishi. Anaweza kubaki katika ihramu yake, akala, akalala, akaamka akiwa na nguvu, kisha akatekeleza umra yake kwa utulivu. Familia imwambie hilo kabla hajaondoka, na imwambie kiongozi wa kundi pia, maana mzee peke yake huona haya kusema kuwa amechoka.

Mikati haingoji

Hapa hesabu ya kasi inaingia moja kwa moja katika ibada. Anayekusudia umra au hija hapaswi kuvuka mikati bila ya kuhirimia, na mikati hutegemea njia aliyojia. Anayetoka kusini, upande wa Yemen, mikati yake ni Yalamlam, na wengi wanaoruka kutoka Afrika Mashariki huhirimia wanapokuwa sambamba nayo. Anayetokea upande wa Ghuba, kwa Doha au Dubai, ndege yake huja kwa upande wa Taif, na mikati ya huko ni Qarn al-Manazil. Anayeanzia Madina huhirimia Dhul-Hulayfa anapotoka kwenda Makka. Kwa hivyo wakala anapobadilisha njia ya tikiti, huenda amebadilisha na mikati ya msafiri.

Gari likipita kituo, dereva huombwa asimame. Ndege haisimami. Kwa kilomita 14 kila dakika, usingizi wa dakika 5 ni kilomita 70. Kwa kawaida katika safari hizi rubani au mhudumu hutangaza kuwa mikati inakaribia, lakini tangazo laweza kuja kwa lugha asiyoifahamu bibi, au akiwa amelala. Aliyevuka mikati bila ya kuhirimia humpasa kurudi kwenye mikati. Asiporudi, humpasa fidia ya kuchinja. Ni gharama kubwa kwa jambo linalozuilika kwa maandalizi madogo.

Maandalizi yenyewe ni haya. Mwanamume akoge na avae nguo za ihramu nyumbani, au katika uwanja wa kuunganisha ndege. Choo cha ndege ni chembamba, na watu mia mbili wakikingoja kwa pamoja wengi hawapati zamu. Mwanamke huhirimia kwa nguo zake za kawaida za stara, ila hafuniki uso kwa nikabu wala havai glavu. Kuvaa si kuhirimia. Ihramu ni nia, na nia na talbiya huja wakati wa kuikaribia mikati. Asiyekuwa na uhakika na aweke nia mapema kidogo kuliko kuchelewa. Mwanamke aliye katika siku zake naye asiiache mikati impite kwa kudhani hana haki ya kuhirimia: huhirimia kama wenzake, na tawafu huiakhirisha hadi atakapotwaharika.

Sala njiani

Katika madhehebu ya Shafii tunayoyafuata wengi wetu hapa Pwani, umbali unaoruhusu kupunguza sala ni kiasi cha kilomita 80 na ushei. Safari ya Jeddah imepita hapo mara nyingi. Lakini ruhusa huanza mtu anapouacha mji wake. Bibi wa Malindi akiwa Uwanja wa Moi tayari ni msafiri. Jirani yake wa Mombasa aliyeketi kiti cha pili bado yumo mjini mwake, na husali kwa ukamilifu mpaka aondoke.

Kwa kuwa msafiri huweza kukusanya adhuhuri na alasiri, na magharibi na isha, ndege ya saa 4 mara nyingi haimpi taabu. Husali kabla ya kupanda au baada ya kushuka. Sala ya kuangalia ni alfajiri, isiyokusanywa na nyingine. Ndege inayoondoka kabla ya alfajiri na kutua baada ya jua kuchomoza itamkuta angani, na wakati wa kulitazama hilo ni siku ya kuchagua tikiti. Ikibidi kusali ndani ya ndege, aombe ruhusa ya mhudumu apate nafasi ya kusimama wakati mikanda imefunguliwa. Anayeruka kutoka Mombasa, Nairobi au Addis Ababa kwenda Jeddah ana neema ya pekee: sehemu kubwa ya njia, kibla kiko upande wa pua ya ndege. Anayetoka Dubai au Doha kibla chake kiko magharibi, na kuelekea Doha kilikuwa kushoto kwake, aulize, asikisie.

Anayesafiri katika Ramadhani naye afuturu kwa jua la pale alipo. Saa za nchi mbili ni moja, lakini jua si moja. Mwezi wa Juni jua huchelewa kuchwa Jeddah kuliko Mombasa, Desemba huwahi. Na aliye juu angani huliona jua muda mrefu kuliko aliye chini.

Mwili wa mzee

Hewa ndani ya ndege hushindiliwa, lakini haifikii ile ya usawa wa bahari; mwili huhisi kama uko juu ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Tena hewa yenyewe ni kavu. Na uwanja wa Addis Ababa uko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari. Mzee aliyeishi miaka yote kando ya bahari, mwenye pumu au moyo dhaifu, anaweza kuhema akipanda ngazi huko, na baridi ya usiku humshangaza aliyetoka na buibui jepesi na kanzu ya melimeli. Sweta na soksi ziwe mkononi, zisifungiwe sandukuni.

Dawa nazo ziwe mkononi, pamoja na karatasi ya daktari. Saa 18 ni dozi mbili au tatu za presha au za kisukari, na sanduku lililopelekwa chini ya ndege halifikiki. Anayetumia insulini aweke na kitu cha kula, maana foleni ya uhamiaji haina saa. Kukaa muda mrefu huvimbisha miguu na huweza kugandisha damu. Ainuke kila baada ya saa moja, na anywe maji. Aliyefanyiwa upasuaji karibuni, au aliyewahi kuganda damu, amwone daktari kabla ya tikiti kukatwa. Na kiti cha magurudumu huombwa siku ya kukata tikiti. Asiyekiomba mapema huweza kujikuta akitembea kutoka lango hadi lango.

Maswali kabla ya kulipa

Tunapendekeza familia iketi pamoja, tikiti ikiwa bado haijalipiwa, na imuulize wakala maneno machache. Ndege ni ngapi, na kungoja ni saa ngapi kila mahali? Je, safari yote imo katika tikiti moja? Ikiwa ni moja, ndege ya kwanza ikichelewa, shirika hutafuta njia nyingine ya kumfikisha abiria. Zikiwa ni tikiti mbili zilizonunuliwa mbalimbali, ya pili huweza kupotea na fedha zake. Mizigo itafika Jeddah, au italazimu kuichukua na kuikabidhi upya njiani? Ni mikati ipi kwa njia hii? Alfajiri itatukuta wapi?

Na tarehe isomwe kwa makini. Tikiti iliyoandikwa Ijumaa saa 00:45 ni usiku unaoanza Alhamisi baada ya magharibi. Kwa hesabu yetu ya Kiislamu na ya Kiswahili huo ndio usiku wa Ijumaa, na aliyelelewa kwa hesabu hiyo huielewa tikiti mara moja. Lakini watoto wetu waliozoea kalenda za ofisini hujiandaa Ijumaa jioni, na ndege huwa imekwisha kutua Jeddah zamani.

Mwisho, kila familia iandike hesabu yake mwenyewe kama tulivyomwandikia bibi wa Malindi: kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa chumba cha Makka, sehemu kwa sehemu. Wa Lamu ataongeza mashua ya kuvukia Manda au barabara ndefu ya kuja Mombasa. Wa Likoni ataongeza feri. Jumla ikishapatikana, aulizwe mwenye kusafiri: je, mwili wako utaziweza saa hizi kwa mkupuo mmoja, au tukupumzishe usiku mmoja njiani? Huenda jibu lake likaongeza gharama kidogo. Lakini mzee aliyeweka akiba miaka mingi kwa ajili ya kuiona Kaaba anastahili kuifikia akiwa na macho yaliyo wazi, miguu inayomchukua, na dua zake zote zikiwa kichwani.